SAFARI YA BURE HAIRUDISHWI HAZINA



Katika karatasi yetu ya mwezi uliopita tuliandika nusu ukurasa tu juu ya maofisa wa Serikali wanaolipiwa safari na watu wanaotaka kuiuzia Serikali mali. Hatukujua kama nusu ukurasa huweza kuwachoma watu namna ile. Tumepata barua tatu, na mzee mmoja aliyestaafu alitukuta langoni mwa karakana akatuuliza kama siku hizi tumekuwa watu wa kukataza wenzetu wasipeane zawadi. Barua ya kwanza yasema kwamba Mwafrika hakatai zawadi, na kumrudishia mtu kitu chake ni kumtukana. Ya pili yasema kwamba ofisa akipelekwa ng'ambo kwa gharama ya kampuni, Serikali imepata faida, maana haikutoa hata senti moja. Ya tatu haikuwa na hoja yo yote ila matusi, na aliyeiandika hakutia jina lake. Huyo tunamwachia Mungu.

Hizo mbili za kwanza zimeandikwa na watu wenye akili, tena ni wanachama wanaolipa ada yao kila mwezi. Kwa hiyo leo tunawajibu, na tunaomba mtuvumilie kwa kuwa maneno ni marefu. Kama kurasa za mwisho zitatoka hafifu, mjue kwamba wino wa mashine umekaribia kwisha na mweka hazina bado anafikiri.

Tuanze na zawadi. Sisi nasi tuna mama zetu na wakwe zetu, hatukushuka kutoka mawinguni. Twajua kwamba mtu haendi ukweni mikono mitupu, na twajua wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Lakini hebu tuiangalie zawadi ya desturi jinsi ilivyo. Hutolewa mchana, mbele za watu. Hutolewa wakati unaojulikana, kama harusi, au mtoto akizaliwa, au mtu akifiwa. Na aliyepewa leo atatoa kesho, kwa sababu yule mwenzake naye ataoza na atafiwa. Hata mbuzi wa baraza, kwetu wengi, alichinjwa mchana akaliwa na wazee wote, na pande zote mbili za shauri zilitoa. Hebu mtu atuambie ni kabila gani katika Kenya lililomruhusu mwenye shauri amchukue mzee mmoja wa baraza, ampeleke pwani siku tano, ale, alale, aoge baharini, halafu arudi kukata shauri la yule yule aliyempeleka. Mzee wa namna hiyo asingalipata mahali pa kuweka kigoda chake tena.

Wala sheria za nchi hazikuipiga vita desturi. Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya mwaka 2003, ambayo imeondolewa na Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya mwaka 2025, ilisema waziwazi kwamba ofisa aweza kupokea zawadi ya jamaa au rafiki katika siku maalum inayotambuliwa na desturi. Kilichokatazwa ni kuomba au kupokea kitu kwa mtu mwenye mkataba na ofisi yako, au mtu ambaye kazi yako yaweza kumletea faida au hasara. Basi anayetaja desturi ya Kiafrika ili kutetea tikiti ya ndege ya kampuni anaifanya desturi yetu blanketi la kufunikia kitu ambacho desturi haikukizaa.

Wale waliosoma shule za misheni kama sisi watakumbuka habari za Naamani, jemadari wa Shamu, aliyekuwa na ukoma. Alipopona alitaka kumpa nabii Elisha mali nyingi, na Elisha akakataa kabisa. Lakini Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliona ni hasara mali ile irudi Shamu. Akakimbia nyuma ya gari la Naamani, akasema ati bwana wake amepata wageni wawili ghafula, anaomba fedha na nguo kwa ajili yao. Akapewa, akaenda kuficha nyumbani kwake. Mwalimu wetu alitufundisha kuwa kosa la Gehazi lilikuwa uongo, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Sasa tumekua, tumefanya kazi, na tumeona kosa jingine ambalo mwalimu hakulitaja: Gehazi hakuomba kwa jina lake, aliomba kwa jina la ofisi. Mkumbukeni mtu huyu, maana tutakutana naye tena hapa chini, na safari hii amevaa suti.

Tuingie sasa katika jambo lenyewe. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 76, yasema kwamba zawadi anayopewa ofisa wa Dola katika shughuli ya umma au ya kiserikali ni zawadi ya Jamhuri, nayo lazima ikabidhiwe Serikali, isipokuwa kama sheria ya Bunge imetoa ruhusa nyingine. Hayo ni maneno mazuri na tunayaunga mkono. Ofisa akipewa saa ya ukutani, ataileta. Akipewa zulia, au ngao, au picha kubwa ya mfalme fulani, ataleta, na karani ataandika, na kitu kitawekwa mahali ambapo hata mtoto wa shule aweza kukiona.

Lakini akipewa safari, ataleta nini? Atabeba kitanda cha hoteli? Atamtapika samaki aliyemla? Safari si kama zawadi nyingine. Mtu akishaipokea, imekwisha kuliwa. Haitiwi kabatini, haiuzwi mnadani, hairudishwi Hazina hata kama Katiba yataka irudishwe. Yakaa mahali pamoja tu, nayo ni moyoni mwa yule aliyesafiri, pamoja na sura ya yule aliyemlipia.

Wanaotuambia kwamba sheria zatosha hawajalitazama jambo hili. Chukueni Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya mwaka 2012, kifungu cha 14. Sheria hiyo ilimruhusu ofisa kupokea zawadi akiwa kazini ikiwa ni adabu ya kawaida, si fedha, wala haizidi kiwango kilichowekwa, na kanuni za mwaka 2015 zikataja shilingi 20,000. Ilimkataza kupokea zawadi au ukarimu kwa mtu anayechunguzwa, au mwenye mkataba, au mwenye jambo linalohusiana na kazi yake. Iliagiza zawadi zitangazwe kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na kila ofisi ya umma iwe na daftari la zawadi. Tena haikuwahusu wakubwa peke yao, maana maofisa wa umma wote walitiwa ndani yake.

Sasa, ndugu, lisomeni tena neno daftari. Daftari huandikwa baada ya jambo. Mtu amekwisha kwenda, amekwisha kula, amerudi na sanduku jipya, ndipo anapoandika. Kwa saa ya ukutani daftari latosha, kwa sababu saa ipo na yaweza kuondolewa kwake. Kwa safari, daftari ni kufunga geti la reli treni ikiwa imekwisha pita.

Na kuna mlango mwingine, huu mpana zaidi. Tikiti ya kwenda ng'ambo na kurudi haipatikani kwa shilingi 20,000, wala ofisa mwenye akili hataki jina lake liandikwe. Kwa hiyo muuzaji hamwandikii ofisa. Anaiandikia ofisi. Anasema: tunawaomba mtuletee watu watano waje kukitazama kiwanda chetu, gharama zote ni juu yetu. Zawadi imekuwa ya ofisi, hakuna mtu aliyepewa kitu. Ofisi nayo inachagua watu watano, na hao watano ni wale wale watakaoketi kuzipima zabuni, kwa kuwa ati ndio wenye haja ya kujua. Gehazi amefika. Hakuomba kwa jina lake, aliomba kwa ajili ya wageni.

Wala msitazamie kwamba kitu hiki kitajitaja kwa jina lake halisi. Kwetu rushwa imeitwa chai, imeitwa kitu kidogo. Mnakumbuka habari za kampuni ya uchapaji ya Uingereza, Smith & Ouzman, iliyohukumiwa London mwezi wa Desemba 2014 kwa kuwahonga maofisa ili ipate kazi za kuchapa karatasi, zikiwamo za uchaguzi na za mitihani ya Kenya. Katika barua zao hongo iliitwa kuku. Sehemu ya fedha ile baadaye ilirudi Kenya ikanunua magari ya wagonjwa, na mkurugenzi mmoja wa kampuni akafungwa miaka mitatu huko kwao. Kuku, jina la kitoweo cha mgeni! Safari nayo ina majina yake ya nyumbani: semina, warsha, ziara ya mafunzo. Sisi hatugombani na semina. Twauliza nani amelipa, na anataka nini.

Hayo yatosha kwa barua ya kwanza. Kwa barua ya pili, ile ya kwamba Serikali haikutoa senti, tutasema habari za reli, maana ndiyo kazi tunayoijua, ingawa reli yenyewe ni ya mbali.

Huko Marekani, katika karne ya kumi na tisa, reli zilikuwa mali ya makampuni. Kampuni ilitaka ardhi, ilitaka kodi ndogo, ilitaka wabunge wasiiwekee mpaka wa nauli. Basi wabunge wa majimbo, majaji na wenye magazeti walikuwa wakipelekewa kadi nzuri: pasi ya mwaka mzima. Panda po pote, shuka po pote, usilipe. Haikuwa lazima kumwambia mtu apige kura hivi au vile. Kila alipoingia behewani akaitoa kadi mfukoni, gadi akaitazama akampigia saluti, alikumbuka mwenyewe ni nani aliyempa.

Serikali haikutoa senti. Kama ndugu yetu wa barua ya pili angalikuwako siku zile, angaliwapongeza. Lakini treni haiendi kwa baraka, yaenda kwa makaa, na kiti cha bure hulipwa na yule aliyeketi kiti cha pili. Mkulima aliyesafirisha ngano yake alilipa. Na watu wa kazi yetu walilipa zaidi. Zamani hizo mabehewa ya Marekani yaliunganishwa kwa pingu na pini, na mtu wa breki alisimama katikati ya mabehewa mawili akatia pini kwa mkono wake huku moja likija. Wengi walipoteza vidole, wengi mikono, wengine roho. Sheria ya kuyalazimisha makampuni kutia vyuma vinavyojifunga vyenyewe haikupitishwa na Kongresi mpaka mwaka 1893. Hatusemi kwamba pasi peke yake ndiyo iliyoichelewesha sheria hiyo. Lakini mtu aliyekatwa mkono alipokwenda kortini kudai haki yake, aliweza kujikuta mbele ya jaji mwenye pasi ya kampuni ile ile aliyoishtaki. Huenda jaji alikuwa mwema. Tunamwuliza ndugu yetu: kama mkono ungekuwa wako, ungelala usingizi usiku wa kuamkia hukumu?

Watu wa majimbo walichoka. Pennsylvania ilikataza pasi hizo katika katiba yake iliyopitishwa mwaka 1873, New York ikafuata mwaka 1894. California iliandika katika katiba ya mwaka 1879 kwamba kampuni ya reli au ya uchukuzi isimpe ofisa wa jimbo pasi ya bure wala tikiti ya kupunguziwa bei, na mbunge au ofisa atakayeipokea ametoka kazini. Agizo hilo limo katika katiba yao hata leo, ingawa siku hizi kinachotamaniwa zaidi ni kiti cha ndege. Mwisho Kongresi nayo, kwa sheria iitwayo Hepburn ya mwaka 1906, ikazikataza pasi za bure katika reli zinazovuka majimbo, kuanzia mwaka 1907. Na jambo la kuchekesha ni kwamba makampuni mengine yalishukuru. Zawadi waliyoianzisha wenyewe ilikuwa imegeuka kodi: ofisa alitaka pasi yake, na ya mkewe, na ya shemeji yake, na asipopata anakasirika. Mla cha mwenziwe na chake huliwa.

Tazameni mambo mawili hapo. La kwanza, California haikusema ofisa aiandike pasi katika daftari. Ilisema asiipokee, na akiipokea kazi imekwisha. La pili, sheria ya 1906 haikumgusa mfanya kazi wa reli na jamaa yake; wao waliachiwa pasi zao. Tunalitaja hili kwa sababu twajua kuna mtu atainuka mkutanoni na kusema, "Ninyi watu wa reli ndio wa kwanza kupenda kupanda bure." Hapana. Baba zetu walipokuwa katika East African Railways and Harbours na kupata pasi ya likizo ya kwenda Kisumu au Butere pamoja na watoto, hawakupewa zawadi. Pasi ile ilikuwa sehemu ya mshahara, waliilipa kwa migongo yao siku zote za mwaka, na iliandikwa katika masharti ya kazi ambayo kila mtu aliweza kuyasoma. Wala hakuna fayamani aliyewahi kuitumia pasi yake kukata bei ya makaa.

Mwingine atasema: je, injinia asiende kukagua injini kabla haijapakiwa melini? Aende! Twataka aende, tena afuatane na fundi mmoja wa shedi, kwa sababu fundi ndiye atakayelala chini ya injini ile itakapoharibika Mtito Andei saa nane za usiku. Lakini aende kwa tikiti iliyokatwa na ofisi yake, alale katika hoteli aliyoichagua mwenyewe kwa posho ya Serikali, na akiona ufa katika chuma aweze kusema ni ufa, bila kukumbuka chakula cha jana usiku. Ati gharama itakuwa kubwa. Mara nyingi safari hizo za ukaguzi zimekwisha kuhesabiwa ndani ya bei ya mkataba. Na bei ya mkataba ni fedha ya nani? Ni ya yule mama mwenye vikapu aliyekuwa akilipa shilingi 1,000 katika daraja la kawaida kutoka Nairobi mpaka Mombasa, na mwanzo wa mwaka 2024 akaambiwa ni 1,500. Hatusemi nauli ilipanda kwa sababu ya safari za watu, tusisingiziwe. Twasema tu kwamba mfuko ni ule mmoja. Umma umelipa tikiti, muuzaji amepata shukrani. Hiyo ndiyo faida ya ndugu yetu wa barua ya pili.

Kuna jambo la urafiki limebaki. Ofisa akibanwa husema, "Huyu bwana ni rafiki yangu wa siku nyingi, hata kabla sijapata cheo." Wakati wa Krismasi ya mwaka 2016 Waziri Mkuu wa Kanada wa siku hizo, Justin Trudeau, alikwenda na jamaa yake kupumzika katika kisiwa cha Aga Khan huko Bahamas, na wakapanda helikopta ya mwenyeji wao. Marehemu Aga Khan huyo ni jina la heshima hapa kwetu, hospitali zake na shule zake twazijua, wala hakuna aliyesema kwamba alimhonga mtu. Trudeau alieleza kwamba ni rafiki wa familia tangu zamani. Lakini kamishna wa maadili, Mary Dawson, alitoa taarifa Desemba 2017 kwamba Waziri Mkuu amevunja sheria. Taasisi ya mwenyeji ilikuwa na shughuli zake mbele ya Serikali ya Kanada, na urafiki haukukubaliwa kuwa udhuru. Tena sheria ya huko hairuhusu waziri apande ndege ya mtu binafsi kwa mapumziko yake bila kwanza kupata idhini ya kamishna. Trudeau aliomba radhi hadharani.

Bila kwanza kupata idhini. Neno letu ni hilo la kwanza. Hata katika Bunge la Wawakilishi la Marekani, baada ya aibu ya wakili mmoja wa ushawishi, Jack Abramoff, aliyekuwa akiwapeleka wabunge Scotland kucheza gofu, kanuni zilibadilishwa mwaka 2007. Mbunge anayelipiwa safari na mtu wa nje hupeleka karatasi kwa kamati ya maadili kabla hajaondoka, na siyo akirudi. Hatusemi Marekani ni malaika, soma magazeti yao utaona. Twasema wamejua kwamba safari huzuiwa stesheni ya kuondokea.

Sasa tuje kwetu, bila kutaja majina. Kuna mwenzetu mmoja, karani wa stoo, ambaye Krismasi moja alipokea magunia mawili ya makaa kutoka kwa yule mtu aliyekuwa akileta pamba za kufutia mafuta. Mtu wa getini akayaona. Mwenzetu akapewa barua, akakaa nyumbani majuma matatu bila mshahara, na ndugu mnajua majuma matatu ya Januari yalivyo marefu, na karo ya shule ikingoja. Tawi lilikwenda kumtetea. Tulipoingia ofisini yeye mwenyewe alisema, "Ndugu, msijisumbue, nilikosa. Pamba za mwezi ule zilikuwa fupi nami sikuzipima." Tukarudi. Hatukumtetea, na hata leo twaona adhabu ile ilikuwa haki, maana pamba fupi ni mikono yetu iliyoungua.

Lakini miezi michache baadaye tulionyeshwa picha ya watu wa ofisi moja ya umma, ambayo hatuitaji, wamevikwa mashada ya maua mbele ya kiwanda ng'ambo, na aliyewaalika ni mtu aliyekuwa anangoja jibu la zabuni. Picha ile haikufichwa. Iliwekwa ukutani kwa fahari. Yule karani aliitazama muda mrefu. Hakusema neno. Ni sisi tunaosema: gunia la makaa lina barua, na siku saba za hoteli zina mashada. Kama magunia mawili yalimfanya mtu mwaminifu asizipime pamba, hizo siku saba zimewafanya wale wasipime nini?

Basi twataka nini? Twataka Chama kiandike kwa Wizara na kwa Tume kuomba mambo machache. Asiwepo mtu mwenye zabuni, au mkataba, au shauri mbele ya ofisi ya umma, atakayelipa nauli, chakula au malazi ya ofisa wa ofisi hiyo, hata kama zawadi inaandikwa kwa jina la ofisi. Kama safari ni ya lazima, ofisi ilipe. Ikiwa mlipaji ni mtu asiye na biashara na ofisi, kama chuo au mkutano wa mataifa, jina la msafiri, jina la mlipaji na kiasi cha fedha vibandikwe ubaoni siku 14 kabla ya kuondoka, mahali ambapo na msafishaji aweza kusoma. Na aliyesafiri kwa fedha ya muuzaji asiketi katika kamati yo yote inayomhusu muuzaji huyo. Tunajua watatuambia siku 14 ni nyingi. Sisi tukitaka ruhusa ya kwenda kuzika hutakiwa kuleta barua ya chifu.

Limebaki neno moja, nalo ni chungu, kwa maana latuhusu wenyewe. Katika miaka ya 1950 na 1960 viongozi wa vyama vya wafanya kazi vya Kenya walialikwa sana ng'ambo, wengine na mashirikisho ya Magharibi, wengine na ya Mashariki, na walioalika walijua wanachokitafuta. Wengine walirudi na elimu, wengine na ugomvi ulioigawanya nyumba. Hatuwahukumu, hatukuwako. Lakini mwezi huu kampuni moja ya bima imeialika kamati ya tawi letu, watu wanane, kwenda pwani siku tatu kwa semina, wake zao pia. Kampuni hiyo hiyo imeomba kwamba fedha ya wanachama iwe ikikatwa kila mwezi katika mishahara na kupelekwa kwake. Katika kamati kura zilikuwa nne kwa nne. Mwenyekiti hakutaka kuivunja sare, akasema jambo liende kwa wanachama.

Sisi tunaoandika karatasi hii ni wale wanne waliokataa. Wale wanne wengine ni ndugu zetu, nao wana hoja zao, na mmoja wao amekuwa katika Chama kuliko sisi sote. Yeye husema kwamba bila kwenda hatutaielewa bima. Sisi twasema kampuni ije hapa, ifundishe chini ya mwembe, nasi tutaipa chai kwa fedha ya tawi.

Mkutano ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa kawaida. Barua ya kampuni itawekwa mezani tangu saa tatu ili kila mtu aisome mwenyewe, na asiyejua Kiingereza atasomewa na katibu. Kura itakuwa ya kuinua mikono. Njooni na kadi zenu.